Safari ya Kulia

Melini, 9 Januari

Shikamoo Mjomba,

Kabla hujauliza, mimi mzima, isipokuwa kidole gumba nilichokiunguza kwenye mlango wa tanuri la mikate wiki iliyopita, na chenyewe kimeshaanza kupona. Wewe na goti lako mnaendeleaje? Mkazamjomba hajambo? Na wale pacha wameshajifunza kuamkia watu, au bado wanakimbilia chini ya meza mgeni akibisha hodi? Wape salamu zao, kila mmoja zake, wasije wakagombana.

Najua utasema kwa nini sipigi simu. Huku katikati ya maji simu ni pambo tu, na tukifika bandarini mimi niko zamu. Barua nampa karani wa meli, anaituma tunapotia nanga, na ikifika ndiyo imefika.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Tarehe 14 Juni meli yetu itatia nanga hapo kwenu, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nimeomba ruhusa ya kushuka, nimepewa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Nyumbani siwezi kuja. Ulikuwepo siku ile Mama aliposema, mbele yako na mbele ya sanduku langu, kwamba nikiuacha mgahawa wake nikaenda kuoshea watu vyombo baharini, basi nisikanyage tena kizingiti chake. Barua nimemwandikia tisa. Hajajibu hata moja, na huu ni mwaka wa tatu.

Lakini nimefikiri, Mjomba. Alisema kizingiti. Gari halina kizingiti. Wewe kazi yako ni kuzungusha wageni wanaoshuka melini, nami siku hiyo nitakuwa mgeni anayeshuka melini. Huku abiria huandikiwa safari zao za siku moja, ama ya kuangalia ama ya kulia, maana wengine wanataka macho yashibe na wengine tumbo. Nichagulie wewe unayezijua njia, kisha umweke Mama kwenye kiti na uendeshe. Mengine niachie mimi.

Usimwambie kwamba nimebembeleza. Mwambie napita tu, nikaona nisalimie.

Mpwa wako.


22 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba tena ya mwezi mzima ambao barua yako imetembea. Goti langu limeamua kuwa la mzee kabla mwenyewe sijakubali. Pacha wameivunja redio, kila mmoja anasema ni mwenzake, na mimi siwezi kuwatofautisha kwa hiyo nimewachapa maneno wote wawili. Mke wangu anakusalimu, anasema upake kidole asali. Mama yako hajambo. Mgahawa bado anaufungua saa kumi na mbili asubuhi, ila siku hizi supu inaisha mapema kwa sababu anapika kidogo.

Barua yako alinisomea mke wangu nikiwa chini ya gari, nyundo mkononi, na kuna mahali palinipita. Lakini swali nimelielewa, ingawa limenizungusha kidogo. Unauliza ya kuangalia au ya kulia. Kweli, ukitoka geti la bandari njia ni mbili tu. Kushoto unapanda mlimani, na nadhani ndiyo hiyo uliyoiita ya kuangalia, maana kule juu unauona mji wote pamoja na kinyesi cha ndege kwenye mapaa. Kulia unafuata bahari mpaka lami inapokwisha. Mimi nashauri kulia. Ni tambarare, ina upepo, na gari linaipenda.

Basi juzi nikaenda kwa dada. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia, "Mtoto anapita hapa mwezi wa sita, anataka tumchukue kwa gari tukazunguke naye. Ameuliza, safari iwe ya kuangalia au ya kulia." Akaendelea kuchambua mchele mpaka nikadhani hakunisikia. Mara akasema, "Kuja nitakuja. Lakini safari ya kulia sitaki."

Ndivyo alivyosema, sijapunguza wala sijaongeza. Nimetoka pale nimechanganyikiwa. Sijui upande wa kulia umemkosea nini. Mgahawa wenyewe uko upande wa kulia wa barabara.

Hata hivyo amekubali kuja, na hilo ndilo kubwa. Nijibu tufanyeje.

Mjomba wako.


Melini, 2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nafurahi kusikia mko salama. Pole kwa redio. Mwambie Mkazamjomba asali imesaidia.

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya nne nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya jikoni na watu wanataka kupita. Kwa hiyo Mama atakuja, lakini ya kulia hataki. Yaani yuko tayari kukaa kwenye gari moja na mimi, ila kukaa kwenye meza moja na mimi, hapana. Atanitazama lakini hatakula na mimi. Nilidhani miaka mitatu imempoza. Kumbe hasira imebaki kwenye kijiko.

Sasa sijui nifurahi au ninune. Mwanamke aliyenifundisha kukata kitunguu, aliyekuwa akinitilia supu ya kwanza kabla ya wateja, leo chakula mbele yangu hakimpiti kooni. Unasema upande wa kulia umemkosea nini, na mimi sielewi pande zimeingiaje hapa. Kulia ni kula, Mjomba, kama chumba cha kulia. Au umeniandikia kwa mafumbo ili nisiumie? Kama ni hivyo nimeumia vilevile.

Basi tusimlazimishe. Tufanye ya kuangalia. Tupande huko mlimani, tusimame pale panapoonekana mji, tukae juu ya jiwe, tutazame. Mtu akitazama mbali hahitaji kumtazama aliye jirani yake, labda kwake itakuwa rahisi. Dada mmoja anayeandikisha safari za abiria ameniambia kwamba safari ya mlimani isizidi vituo vitatu, na kwamba mwenye kichefuchefu akae mbele. Mama akae mbele. Mimi nitakaa nyuma, nitatazama kisogo chake, hata hicho kinanitosha.

Umeniuliza kwenye karatasi ya pembeni kama meli itakuwa inakuja hapo kila mwaka. Hilo tutazungumza.

Kama mlimani kuna baridi uniambie nibebe shali mbili.

Mpwa wako.


30 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Sisi sote wazima. Mmoja wa pacha amepoteza jino la mbele, sasa angalau najua yupi ni yupi.

Habari ya mlimani imeniharibia usingizi. Kwanza nilitaka kukuambia kuna ukungu. Kisha nikataka kukuambia njia inatengenezwa. Mke wangu akasoma nilichoandika, akakichana, akasema, "Mwambie mtoto ukweli." Ukweli ni kwamba gari halipandi. Tangu mwaka juzi halipandi. Unadhani madereva wenzangu pale getini wananiita Gia Tatu kwa sababu ya upole? Gia ya kwanza inaruka, ya pili inalia kama mbuzi, ndiyo maana mimi wageni wote nawapeleka kulia na kuwaambia mlimani kuna nyoka. Nakuomba usimwambie mtu.

Sasa sikiliza vizuri, na soma polepole. Hakuna aliyesema habari ya chakula. Mimi niliposema kulia nilisema mkono wa kulia, huu ninaoshikia kalamu. Wewe uliposema kulia kumbe ulisema kula. Mke wangu anasema uliandika wazi kabisa, habari ya macho na tumbo, ila yeye alipoisoma mimi nilikuwa nagonga nyundo. Hapo kosa ni langu. Lakini tulipofika hapo nikajiuliza, je, dada naye alisema kulia ipi?

Nikarudi kwake. Nikasema, "Dada, ile safari ya kulia, unakataa njia au unakataa chakula?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Nikamweleza yote, pande na sahani. Akacheka. Nakuapia alicheka, mpaka akaweka kisu chini, na mteja mmoja akageuka kutazama. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Nilisema kulia machozi. Mtoto anakuja saa chache, mnipakie kwenye gari, tuzungushwe huku tunalizana kama msiba, kisha arudishwe melini. Miaka mitatu nimelia jikoni, nasingizia vitunguu. Safari nyingine ya kulia sitaki."

Nikachukua kitunguu kimoja nikawa nakimenya tu.

Halafu akaniuliza kitu, na huyu dada yangu akiuliza huwa anataka jibu, si maelezo. Akasema, "Anakuja kukaa, au anapita?" Nikasema nitauliza. Sasa nauliza.

Mjomba wako.


Melini, 21 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama naumwa, na alipouliza nikawa tayari nalia. Tumeandikiana tangu Januari, watu watatu, neno moja, na kila mmoja na lake. Barua hazina sauti, ndiyo tabu yake. Laiti ningemsikia Mama akisema, ningejua ni kulia ipi.

Siri ya gia naifunika. Lakini ya nyoka ilikuwa mbaya, Mjomba. Hapa melini kuna wazee wawili waliopitia huko kwenu na meli nyingine, wanawahadithia wenzao habari za mlima wa nyoka.

Jibu la Mama. Nimeliandika mara kadhaa nikalifuta, sasa naliandika bila kusoma nyuma. Napita. Baada ya kutoka hapo kwenu meli inahamishiwa njia za mbali, haitarudi upande huo, na mimi nimeshaweka sahihi ya miaka miwili zaidi. Niliweka mwezi wa kwanza, kabla hata sijakuandikia. Ndiyo maana ulipouliza habari za kila mwaka nilikwepa. Ni siku hiyo moja, saa tatu mpaka saa kumi. Kuna siku chache za mapumziko ndani ya mkataba, lakini mapumziko ya kwenda wapi, ikiwa nyumbani sina ruhusa ya kuingia?

Nilidhani nikimweka kwenye gari, na mlango umefungwa, na wewe unaendesha, nitapata ujasiri wa kusema mwenyewe. Nakuomba usimwambie kabla. Akijua hatakuja, na nisipomwona siku hiyo sijui nitamwona lini.

Tushike kulia, kwa maana yako na yangu pia. Tusimame penye meza ya kwanza yenye kivuli. Akila, vizuri. Asipokula nitakula mimi naye anitazame.

Saa tatu nitakuwa getini. Nitavaa gauni la kijani.

Mpwa wako.


16 Juni

Mpwa wangu,

Leo sina salamu ndefu. Wazima wote.

Sijui unajua kiasi gani, kwa hiyo nakuandikia kama mtu asiyejua kitu. Siku ile dada alifika getini saa moja, mimi mwenyewe nikiwa bado sijaosha gari. Mgahawa aliufunga. Tangu nipate akili sijawahi kuuona mgahawa ule umefungwa siku ya kazi. Amevaa viatu vya kufunga, kikapu mkononi, kimefunikwa. Nikamuuliza ndani kuna nini, akasema, "Hakikuhusu."

Saa tatu meli yenu tuliiona, imesimama nje kule, nyeupe. Saa nne imesimama vilevile. Nikamuuliza karani wa bandari, akasema upepo. Mwingine akasema gati lina meli ya mizigo iliyogoma kuondoka. Wa tatu akasema wageni watashushwa kwa mashua, tukakimbilia upande wa mashua, hakuna mashua. Madereva wote tumesimama na vibao vya majina ya wageni, kila mtu anamuuliza mwenzake. Dada hakuuliza mtu. Alikuwa anahesabu madirisha. Akaniuliza lako ni lipi, nikasema sijui.

Saa tano meli ikageuka.

Nilidhani ataniambia nimrudishe nyumbani. Akaingia kwenye gari, mbele, akafunga mlango, akasema, "Ifuate."

Mpwa wangu, nimeendesha miaka ishirini na sita na sijawahi kuendesha vile. Meli ilikuwa inakwenda polepole sambamba na ufukwe, na mimi nimeshika kulia, gia ya tatu, honi mkononi. Tulipita meza zote. Wapishi wananijua, wananipungia mkono, mmoja alikimbia na samaki kwenye sinia akidhani nimemletea wageni. Dada anasema, "Usisimame." Kikapu amekipakata. Kama unataka kujua, alilia njia nzima, na hakujificha, wala hakusingizia kitu. Mimi pia macho yalinisumbua, ikabidi nipunguze mwendo penye kona.

Hapo ndipo nilipovunja ahadi yangu kwako. Aliniuliza, "Alijibu nini?" Nami nikiwa nimeshika usukani sikuweza kudanganya. Nikamwambia unapita, na ni miaka miwili tena. Alikivuta kikapu karibu zaidi. Kisha akasema, "Miwili si mitatu." Mpaka leo sijui kama alikuwa anakulaumu au anajiliwaza, na sikuthubutu kuuliza.

Lami ikaisha. Akashuka, akavua viatu, akasimama pale penye mchanga mpaka meli ikawa ndogo. Kikapuni mlikuwa na supu, kwenye ile chupa ya chai ya zamani, na vikombe vitatu. Tulikunywa viwili. Akaiangalia tena meli, akasema, "Kumbe ni kubwa hivi." Baadaye akasema, "Na mikate ya wote hao anaoka yeye?" Nikamwambia sina hakika, labda jikoni wako wengi. Akasema, "Muulize."

Habari ya lile neno la kizingiti hakuitaja. Ila jana nimepita kwake, nikamkuta anatoa magunia ya mchele kwenye chumba chako. Nikamuuliza anayahamishia nini. Akasema mle yanakaa vibaya. Yamekaa mle miaka mitatu.

Nisamehe kwa kusema.

Mjomba wako.


Melini, 19 Julai

Shikamoo Mjomba,

Huna la kusamehewa. Msalimie Mkazamjomba, na pacha, mwenye jino na asiye na jino. Goti lako ulipumzishe, umelitumia vya kutosha.

Barua yako imenifikia jana. Leo asubuhi nimekwenda kwa mkubwa wetu wa wafanyakazi nikaomba mapumziko yangu yote kwa pamoja. Amenipa siku kumi na moja, kuanzia tarehe 3 Septemba. Nitasafiri kwa ndege mpaka huko, kisha nitakuja moja kwa moja. Safari ya gari siombi. Kama magunia bado hayajaisha kutoka, mwambie ayaache, nitayatoa mimi.

Umsomee Mama sehemu hii, na usigonge kitu chochote wakati unasoma.

Mama, jikoni tuko watano, lakini mikate ya asubuhi naoka mimi. Wageni ni elfu moja na mia nane. Vyombo sijaosha tangu mwezi wa pili wa mwaka wa kwanza. Siku ile nilikuwa chini kabisa, kwenye jiko lisilo na dirisha, nimeshavaa gauni la kushukia. Nilikuwa nimekuokea mkate wako peke yake, nikaufunga kwenye kitambaa. Walipotangaza kwamba hatutii nanga nilivaa aproni juu ya gauni, nikarudi mezani, kwa sababu watu wote waliokuwa washuke sasa wangekula ndani. Kabla ya saa sita mikate ikapungua. Nikaufungua kitambaa, nikaukata na huo, ukapelekwa juu pamoja na mingine. Ningejua uko pale nje unatufuata, nisingeukata.

Mwanao.